Picha ya Pasipoti ya Mahnaz

Mimi mtu akinikera simfichi, na Mahnaz alinikera tangu siku ya kwanza. Tulikaa jengo moja Alexandria, ile ya Marekani, mimi mtu wa Kondoa, yeye mkimbizi wa Irani. Kila Jumamosi alikwenda mjini na wenzake kusimama kichwa wazi mbele ya ofisi ya serikali yao, wameshika mabango: mwanamke asilazimishwe hijabu. Kwao alishachapwa viboko kwa maneno hayohayo. Mimi navaa mtandio wangu kwa hiari, nikadhani ananisema. Tukagombana kwenye lifti mpaka akaniambia hana neno na mtandio, ana neno na kiboko. Urafiki ukaanzia hapo.

Mwaka tisini na nane mama yake akazidiwa na kansa huko Tehran. Mahnaz akataka jambo moja tu duniani, amwone mama kabla hajafa. Ile ofisi ikamwambia atapewa pasipoti na hataguswa na mtu, ila picha iwe ya hijabu. Mimi nilinusa uongo, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Akaja Springfield, mji wa jirani, kwenye duka la picha nilikofanya kazi, akaniomba mtandio. Nilikuwa na mwingine mkobani. Nikamwambia kama roho haitaki, tuache.

“Nifunge tu,” akasema. “Mama anakufa.”

Nikamfunga, nikambana pini chini ya kidevu. Alilia, ikabidi tungoje macho yakauke ndipo nipige.

Pasipoti haikuja. Baada ya wiki tatu dada yake akatuma kwa faksi ukurasa wa gazeti la huko: picha ile niliyoipiga, na juu yake maneno kwamba Mahnaz ametubu na anaomba radhi. Washenzi wale! Mama alikuwa ameshasomewa gazeti hilo kitandani. Mama huyo ndiye aliyempaka dawa mgongoni siku ya viboko, akamwambia asiwapigie magoti.

Mahnaz akapiga simu kueleza. Mama hakumwacha amalize.

“Ningekufa bila kukuona,” alimwambia, “lakini ningekufa najua nimezaa nani.”

Akakata. Alifariki Alhamisi.

Jumamosi Mahnaz alichukua bango lake kama kawaida, nikamsindikiza. Wenzake nao walikuwa wameshalisoma gazeti. Wakamwambia arudi nyumbani.