Jiwe Lililowekwa Kichwa Chini

Basant Kaur alikuwa hajakata hata konzi moja ya nyasi asubuhi ile alipoliona jiwe. Mundu ulimponyoka.

"Nani kaliweka hivi?"

Mafundi walikuwa wamelipachika alfajiri, wakikwepa jua la mwezi wa Jeth, kilele cha kiangazi. Lilikuwa bamba refu kama mtu mzima, limechongwa vijibakuli tele mfano wa magamba ya samaki. Tangu wafalme wa Kimughali walipojenga nyumba ile ya kupumzikia, kazi ya jiwe ilikuwa moja: kupokea maji ya mfereji wa juu na kuyashusha bwawani, mbele ya madirisha ya chumba cha baridi. Miezi minne lilikuwa limelazwa kando likisuguliwa. Sasa limerudi mahali pake, lakini ncha yake ya juu imewekwa chini, na midomo ya vijibakuli ilitazama bwawani badala ya mfereji.

"Limepinduliwa!" alisema kwa sauti. "Jamani, mmelipindua!"

Injinia Bhalla alitoka kwenye kivuli cha misonobari, simu mkononi. "Bibi, nini tena?"

"Jiwe liko kichwa chini, bwana mkubwa. Ligeuzwe kabla saruji haijashika."

Injinia alicheka, akawatazama mafundi wacheke naye. Wawili walicheka. "Bibi, umewahi kuona vigae vya paa? Vinapangwaje? Kimoja juu ya kingine, maji yateremke bila kukwama. Hili ni hivyo hivyo. Nimesoma miaka mitano, niache."

"Paa linafukuza maji. Hapa watu walikuwa wanayaita!"

"Kumbe tuna profesa kwenye palizi! Nenda kwenye nyasi zako. Jumamosi wageni wanakuja."

Wenzake wa palizi walimvuta shela. Basant Kaur hakwenda. Alipanda ngazi za matofali membamba, akakaa juu ya lile jiwe, miguu ikining'inia, kama mtu aliyekaa kwenye kitanda chake.

Hakuwa mgomvi. Miaka thelathini na mmoja aling'oa magugu pale, na alishazoea kuambiwa ondoka hapa, inama pale, wakubwa wanapita. Lakini jiwe lile alilijua. Mwaka ambao mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfu, alipokuwa bi harusi wa juzi tu na homa haimwachi, mama mkwe wake alimbeba mgongoni mchana wa jua kama hili mpaka chumba cha baridi, akamlaza sakafuni karibu na dirisha. Mifereji ilikuwa bado ina maji siku hizo. Yalikuwa yakifika kwenye jiwe, yanajaa kijibakuli, yanaruka, yanajaa cha pili, yanaruka, mpaka bamba zima linakuwa jeupe kama maziwa yanayochemka. Upepo ulichukua ule unyunyu ukaupitisha dirishani. Mkwewe, mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwogopa kwa ulimi, alikaa naye mpaka jua likazama, akiweka vitumba vya yasmini ndani ya vijibakuli ili mkaza mwanawe avitazame vikizunguka asilie.

Sasa mtu anasema vigae vya paa!

Jua lilipanda. Jiwe likaanza kuchoma. Fundi mkuu, Sadiq, mtu mzima wa mji wa Malerkotla mwenye ndevu za hina, alikuja kimya, akakunja shali yake mara nne.

"Mama, nyanyuka kidogo." Akaitandika chini yake. Halafu akanong'ona, "Nami nililitilia shaka. Mwisho mmoja una ulimi, na mfereji wa juu una pengo la kupokea ulimi huo huo. Nikamwambia Injinia. Akasema jaza saruji."

"Nawe ukajaza?"

Sadiq alitazama chini. "Nikajaza."

"Basi leta maji, mwanangu. Tuone nani mwongo."

Sadiq alikwenda kwenye pampu mwenyewe, akarudi na ndoo mbili. Basant Kaur akashuka. Ndoo ya kwanza ilimwagwa juu ya bamba, na maji yakateleza kimya kimya, kama mafuta kwenye sahani, yakatua bwawani. Hakuna hata tone lililoruka.

"Si yameshuka?" alisema Injinia. "Mnataka yaimbe?"

"Ndiyo!" alifoka Basant Kaur. "Yaimbe! Unadhani walichonga vyote hivi kwa kukosa kazi? Chumba hicho bila maji meupe ni tanuri! Utawaleta wageni wako waoke mikate?"

Safari hii mafundi walicheka bila kutazamwa. Sadiq aliinama, akabonyeza saruji kwa kidole gumba. Bado laini. Akajifunga kilemba upya.

"Leteni winchi."

"Sadiq! Ripoti nimeshaituma, na picha!"

"Tuma nyingine, bwana."

Ilichukua saa nzima. Mnyororo ulilia, watu sita walitia mabega, na wanawake wa palizi wakaacha miundu wakaja kukomba saruji kwa mikono. Jiwe lilipogeuzwa, ulimi uliingia pengoni kama mkono kwenye bangili. Sadiq akainua ndoo ya pili.

Maji yaliruka. Kijibakuli kwa kijibakuli yaliruka, meupe, yakipiga kelele, na wale waliokuwa karibu wakalowa nyuso.

Injinia alipangusa miwani. Kisha akasogea kando, simu sikioni. "Ndiyo, mheshimiwa. Niligundua kasoro asubuhi hii. Nimeshairekebisha."

Basant Kaur alihisi damu inampanda kuliko mara zote za siku ile. Alimfuata, magoti yakimuuma, akasimama mbele yake.

"Hujagundua kitu. Mwambie ni nani aliyeligeuza."

"Bibi, acha, naongea na mkubwa!"

"Ndiyo maana. Mwambie."

Sadiq aliita kwa upole, "Mama, yaishe, jiwe limekaa."

"Hayajaisha!" Hakugeuka. Wanawake walikuwa wamemzunguka Injinia, mikono imejaa saruji, na hakuna aliyempisha njia.

Injinia alirudi kwenye simu. "Mheshimiwa... fundi mmoja ndiye... anaitwa Sadiq."

"Na jina la baba yake," alisema Basant Kaur. "Kwenye karatasi zenu si mnaandika na la baba?"

Injinia Bhalla alifunika simu kwa kiganja. Miezi minne alikuwa amefanya kazi na Sadiq, na jina hilo hakulijua. Ikabidi ageuke amuulize.