Kichupa cha Maji Matupu

Mkufunzi wetu wa kozi ya kutambua vijidudu kwa kusoma vinasaba kwenye kompyuta alikuwa na mchezo wake, na aliupenda kupita kiasi. Anawaacha mtafute kijidudu kwenye sampuli zenu, mpate, mshangilie, mwende kunywa chai. Mkirudi ndipo anawafungulia data ya kichupa cha maji matupu, kile kilichopitishwa kwenye dawa zilezile za maabara bila sampuli yoyote ndani. Yule kijidudu mliyemshangilia mnamkuta na humo. Kumbe alitoka kwenye dawa zenu wenyewe! Darasa zima hucheka.

Mimi na jirani yangu wa meza, fundi maabara wa hospitali, tuligawana kompyuta moja. Sampuli yetu aliileta yeye: maji ya uti wa mgongo ya mdogo wake wa kiume, aliyekufa kwa homa ambayo madaktari hawakuijua. Mkufunzi hakuambiwa. Mimi niliambiwa, kwa sauti ya chini. "Mama anataka kujua tu ni nini kilichomchukua mwanawe. Hapati usingizi."

Hatua ya kwanza ni kuondoa vinasaba vya binadamu ili vibaki vya vijidudu. Alishika kipanya, asibonyeze.

"Karibu yote haya ni yeye," akasema.

Nikambonyezea mimi, roho ikiniuma.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, ila juu kabisa ya jedwali alikaa bakteria mmoja aishiye majini. Jirani yangu akanikumbatia, machozi yanamtoka. Wakati wa chai nikamwona yuko dirishani na simu. "Mama, tumempata! Ni mdudu wa kwenye maji!" Kisha akasikiliza, na furaha yote ikamwisha usoni.

Tuliporudi kukaa akaniambia, "Mama anasema kabla ya ile homa, siku moja mkaa uliisha. Alimpa mdogo wangu maji ya tangi bila kuyachemsha. Hakuwahi kumwambia mtu."

Nilikuwa bado natafuta neno la kumpa pole wakati mkufunzi alipofungua data ya kichupa chake, meno yote nje. Bakteria yuleyule, kwa wingi uleule. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumzaba kibao mtu mzima yule.

Jirani yangu alitoka mbio, nami nyuma yake. Kwenye korido akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, tulikosea. Yule mdudu ni wa dawa zetu za maabara. Hakutoka kwa mdogo wangu. Si maji yako, mama, nakuapia."

"Sawa, mwanangu. Sasa kama si maji, ni nini?"

Kwenye jedwali letu, ukimtoa bakteria yule, hakukubaki chochote.

"Bado hatujui, mama."

"Usihangaike kunipoza," yule mama akasema taratibu. "Nimekuzaa mimi. Mara ya kwanza ulipiga una furaha. Ile ndiyo ilikuwa kweli."