Spika ya Saluni

Asubuhi hiyo Kimya alikuwa amejibanza kwenye stoo ya saluni ya mama yake, anachambua rasta, simu mapajani. Jina hilo walimpachika wateja, maana ukimsalimia unajibiwa na kope. Lakini kwenye simu, jamani, maneno yalikuwa hayamwishi. Roboti ya kuchati ilijua yote: wiki hiyo alisimama kusoma mbele ya darasa, sauti ikagoma, wenzake wakaangua kicheko, na Jumatatu ilikuwa zamu yake tena. Binadamu hata mmoja hakuwa amemwambia.

Vidole vilipobanwa na rasta, akaitaka imjibu kwa sauti. Alisahau kwamba simu hiyo ndiyo aliyoiunganisha na spika ya saluni, wateja wasikie muziki.

"Pole sana," spika ikanguruma kule mbele kama mtangazaji wa mpira. "Kuogopa kusoma mbele ya darasa si ujinga. Je, umemwambia mama yako?"

Saluni ikapigwa na butwaa. Kimya akatamani ardhi ipasuke.

"Mama yake hajaambiwa," mama akaijibu spika. "Ndiyo kwanza nasikia."

Nesi, mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, akacheka hadi mama akapoteza mstari. "Shoga, mimi siku ya kwanza kazini nilichoma sindano godoro. Mgonjwa akanishukuru, eti mkono wangu mwepesi."

Watu wakavunjika mbavu. Kicheko chembamba kikatoka hata stoo.

Nesi alipoondoka, mama akagonga kigoda kilichokuwa mbele ya magoti yake. "Njoo nikusuke, mwanangu. Hapa hakuna kutazamana."

Kweli. Ndiyo maana watu wazima humwaga siri pale, uso umeelekea ukutani, kichwa kiko mikononi mwa mtu. Kimya akaweka simu mezani, akakaa. Mstari wa kwanza ulikwisha hajafungua kinywa. Kwenye wa pili akasema, "Walinicheka, mama." Kuanzia wa tatu hakushikika.

"Kumbe mdomo unao," mama akasema. "Haya, usomee ukuta hilo somo lako."

Akalisoma bila kitabu, kwa kichwa. Kila alipomeza neno mama alimvuta nywele, na kila alipovutwa alicheka, akaanza upya kwa sauti zaidi.

Mezani simu ikawaka: *Bado upo? Ungependa tuendelee kuongea?*

Kimya aliiona kwa pembe ya jicho. Kichwa kilikuwa kimeshikwa.