Mnara Walioung'oa Wenyewe

Alma Dvorak alikuwa amebakiwa na ombi moja tu: mahakama ya kaunti isibomolewe. Ilijengwa na kizazi cha babu yake, kwa matofali mekundu na pembe za mawe ya chokaa, mara tu baada ya mji wao kuwashinda watu wa mji jirani wa Millbrook kwa kura na kuwapokonya makao makuu ya kaunti. Katika uwanda ule wa mahindi wa Nebraska, msafiri alikuwa akiuona mnara wake kabla hajauona mji.

Afisa wa majengo ya kale aliwasili asubuhi kutoka makao makuu ya jimbo, kuona kama mahakama ile ingefaa kuandikishwa ilindwe na sheria. Alilizunguka jengo, kisha akasimama.

"Mnara uko wapi, mama?"

"Tuliung'oa. Ulikuwa unavuja, na njiwa walitushinda."

"Na yale madirisha marefu ya kwenye picha?"

"Tuliyaziba nusu. Wewe hujaionja baridi ya hapa Januari, mwanangu. Jaji alikuwa anahukumu watu huku amevaa glavu."

Afisa alicheka, kisha akaacha. Ndani alikuta dari ya vibao vyepesi imeifunika ile ya awali, yenye maua ya plasta. Alma aliikumbuka kazi hiyo: wanaume wakijitolea kila Jumamosi, marehemu mumewe akiwa juu ya ngazi, wanawake wakiwaletea kahawa na maandazi ya plamu. Waliipenda mahakama yao, ndiyo maana hawakuiacha ilivyokuwa.

"Sheria hulinda jengo lililobaki kama lilivyojengwa," afisa alisema kwa upole. "Hili mmelibadilisha kidogo kidogo mpaka limekuwa jingine. Siwezi kuliandikisha."

"Tungeliacha lioze, ungeliandikisha?"

"Pengine."

Alasiri makamishna wa kaunti walikutana mbele ya wananchi, Alma akiwamo. Leland Kruse, mwenyekiti wao na jirani yake Alma wa miaka mingi, hakumtazama usoni.

"Alma, tutajenga jipya la mabati kule barabara kuu. Lina joto, halina ngazi. Hata goti lako litashukuru."

"Goti langu halikukutuma, Leland."

Watu walicheka, na Kruse akacheka pamoja nao. Kisha makamishna wote watatu wakainua mikono kukubali mahakama ibomolewe.

Kwa desturi ya pale, kikao kikiisha kila mtu hukunja kiti chake na kukiegemeza ukutani, ili mfagizi asipate taabu. Alma alikikunja chake. Akakikunja na cha Kruse, aliyekuwa ameondoka upesi.