Damu Safi ya Alcee Duvernay

Daktari Pruitt hagusi watu. Miaka sita natoa wagonjwa damu kwenye kliniki yetu ya VVU hapa New Orleans, na sijamwona akimsogelea mgonjwa karibu kuliko urefu wa meza. Karatasi anaisukuma kwa ncha ya kalamu. Mtu akikohoa, yeye anakumbuka simu ya kupiga. Mtu wa namna hiyo kuitwa daktari!

Alcee Duvernay alikuja mwezi wa tisa, CD4 zake, zile chembe za kinga, arobaini tu, na za mtu mwenye afya huzidi mia tano. Ni mshonaji. Mwaka mzima anashona shanga kwenye vazi moja la manyoya, la kutokea na kundi lake la mtaani siku ya Mardi Gras, sherehe yetu ya maandamano ya kila mwaka. Alilalamika kwamba jicho la kushoto linaona vidoa vyeusi vinaelea.

"Nikishika shanga nyeupe naona nzi ametua juu yake," alisema. "Namfukuza, haondoki. Jeuri kama shemeji yangu."

Mimi nilicheka. Pruitt hakucheka, wala hakulitazama jicho. Kulitazama lazima utie dawa ya matone, uiname, uso kwa uso. Akaagiza kipimo cha damu. Kuna kirusi kimelala ndani ya wengi wetu bila kutusumbua. Kinga ikiporomoka kinaamka, kinaanza kulila jicho kwa nyuma.

"Kama kipo, damu itasema," alisema, macho kwenye kompyuta.

Nikatoa damu. Majibu yakaja kwamba ni safi.

Baada ya wiki mbili Alcee alirudi na kivuli kwenye jicho lile lile, kama pazia lililoshushwa nusu. Pruitt akaagiza damu tena. Sasa, sisi tuliokaa kwenye kazi hii tunajua kirusi kile kinaweza kuwa jichoni na kwenye damu kisionekane. Nikamfuata ofisini.

"Daktari, si umpeleke kwa watu wa macho?"

"Verlene, kazi yako wewe ni sindano."

Ningekuwa na miaka ishirini ningemrushia trei. Nilikwenda nikatoa damu. Majibu, safi tena. Neno hilo siku hizi nikilisikia nataka kutema mate.

Wiki iliyofuata Alcee alijigonga kwenye fremu ya mlango wetu. Sikumwuliza mtu. Nilimshika mkono nikamvusha barabara hadi kwa Daktari Tran wa macho. Huyo aliinama mpaka nywele zake zikamgusa Alcee shavuni, na hata dakika mbili hazikuisha.

"La kushoto limekwisha," alisema. "La kulia limeshaanza kuliwa. Dawa tunaanza leo, huenda tukaliokoa. Kwa nini hamkumleta mapema?"

Nilipompelekea Pruitt habari, aliniinulia zile karatasi mbili za majibu.

"Mbona damu ilikuwa safi?" Huku anajipaka dawa ya mikono. Nilimwonea kinyaa, nikatoka.

Alcee alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kutolea damu, kwa kuwa Tran alitaka vipimo vya figo kabla ya dawa. Nikamfunga mpira mkononi huku namchamba Pruitt, uoga wake, uvivu wake, kiburi chake, kwamba hata mimi nilijua damu peke yake haitoshi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ile mara ya pili."

"Na ukanitoa damu tu."

"Nilimwambia, Alcee. Akanijibu kwamba—"

"Mimi hukuniambia." Aliufungua ule mpira mwenyewe, akaniwekea kiganjani. "Niitie mwingine."