Chupa ya Siku Kumi na Nne

Dawa ilikuwa kizingitini, kwenye kikombe cha plastiki, na Mzee Andongwisye alikuwa bado hajaifikia. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne. Yeye alizitambaa, akapumzika katikati, shavu juu ya saruji. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya kiuno, na kwa miaka yake tisini na mitatu hakuna aliyezungumzia kuitibu. Kilichobaki ni mofini ya kutuliza maumivu, maji machungu, kipimo kimoja kila baada ya saa nne.

Tusekile, mjane wa mwanawe, alishakiweka pale, akakohoa kumjulisha na kuondoka. Miaka thelathini na mmoja katika kaya ile hakuwahi kuingia chumbani kwa baba mkwe, kumtazama usoni wala kutamka jina lake. Ndivyo alivyofundwa, na mzee asingetaka vinginevyo. Wengi pale Kisiba wameshauacha mwiko huo. Wao wawili hawakuacha, na wanawe wote mzee alishawazika.

Akakinyanyua kikombe. Mkono ukatetemeka, nusu ikamwagika kifuani. Akalilamba shati. Maumivu yakabaki palepale, akagonga ukuta, Tusekile akapima tena. Hivyo ndivyo chupa ya siku kumi na nne ilivyoisha siku ya tisa.

Hospitali wakamrudisha Tusekile mikono mitupu: aje mgonjwa mwenyewe. Basi, siku ya tatu bila dawa, wakapanda Tukuyu kwa bodaboda mbili, maana mkwe hapandi moja na baba mkwe. Mzee alifungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva. Mashimo ya mwanzo alilia. Walipofika mjini alikuwa kimya, hasikii hata baridi.

Muuguzi aliitwa Esnath, na mbele yake palikuwa na rejista ya dawa zinazodhibitiwa.

"Jina la mgonjwa?"

Tusekile akasogeza kadi, uso kauelekeza ukutani.

"Huna mdomo, mama?"

"Limeandikwa hapo, dada."

"Chupa ya wiki mbili mmemaliza siku tisa. Mmeuza?"

"Hatujauza."

"Imekwenda wapi sasa? Unajua vijana wanavyoitafuta hii? Ikipotea, anayefungwa ni mimi, siyo wewe."

Tusekile akanyamaza. Angejibu nini? Aseme mbele ya watu kwamba baba mkwe anatambaa sakafuni na kulamba shati? Mzee alikielewa kimya kile. Alimwonea huruma.

"Nimekunywa mimi," akasema. "Mwanangu huyu hana kosa. Nilikuwa naongeza mwenyewe. Nimeimaliza yote."

"Yote? Ni kweli, mama?"

Mkwe hambishii baba mkwe, tena akiwa ameketi palepale. Tusekile akainamisha kichwa. Esnath akaandika.

"Mzee, huo sasa ni uraibu. Nakuandikia kliniki ya waraibu, Mbeya. Wakikupa barua, uje nayo, ndiyo tutoe chupa nyingine."

"Mbeya lini?"

"Wanapokea Jumatano."

"Leo ni Alhamisi, mjukuu wangu."

"Ndiyo. Kwa sasa tumia panadol."

"Panadol zilinishinda tangu nina miaka themanini."

Esnath hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita mwenzake alisimamishwa kazi kwa chupa mbili zisizoonekana. Akatoa fomu, akaisoma kwa sauti ili benchi zima lisikie: mgonjwa anakiri kutumia dawa kinyume cha maelekezo, na hatapewa tena mpaka atakapothibitishwa na kliniki ya waraibu.

"Kusaini unajua?"

"Zamani nilijua."

Esnath akazunguka meza, akampaka mzee wino kwenye dole gumba. Mkono ulitetemeka, alama ikatoka imechafuka. Esnath akachukua fomu nyingine. Safari hii aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akautuliza taratibu, bila haraka, mpaka ukaacha kutetemeka na alama ikatoka safi.