Nyongeza Kwenye Kapu la Bi Punguza

La, mjukuu wangu, hakupiga kelele. Kila nikisimulia habari hii kuna mtu ananiuliza hilo hilo, alilia, hakulia. Hakulia. Alisema tu, "Haya mama, chukua," akaingia kwenye kapu. Lakini wewe umenirusha mpaka huko mbele, ngoja nirudi nikupeleke taratibu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Bi Punguza alikuwa anakwenda kwenye lile soko la zamani la matao ya mawe. Bi Punguza si jina alilopewa na wazazi. Walimpa wauzaji, naye akalipenda, akawa analivaa kama mkufu. Nyuma yake anakuja mumewe na kapu. Huyo walimwita Bwana Kapu, maana hakuna aliyewahi kumwona sokoni bila kapu, wala kumsikia akitoa neno. Wengine husema alikuwa mpole. Sawa, mpole. Utaona mwenyewe upole wake ulimfaa nani.

Mchana huo walikuwa na wageni. Binti yao alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja kula kwao kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vilitakiwa vitu vizuri, tena vipatikane kwa bei ya kusimulia.

Sasa soko lenyewe. Lilijengwa zamani mno, na watu ambao hata babu yangu hakuwajua. Meza zake ni za mawe, zimelainika kwa viwiko, na juu ya kila meza kuna boriti yenye ndoano ya kutundikia mizani. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha dari. Chini hawapigi, na chini ndiko wauzaji waliko. Kwa sababu pale, mteja akimkaba muuzaji mpaka akashusha bei, muuzaji naye anashuka. Anapungua kimo. Kidogo tu, kama upana wa kidole, na akikabwa sana, kiganja. Kile kilichopungua kinakwenda kwa mnunuzi. Akilipwa bei aliyoitaja, bila maneno, anarudi kidogo. Lakini nani analipa bei iliyotajwa sokoni? Si atachekwa huyo.

Basi muuza samaki ulikuwa unamsikia tu, sauti inatoka nyuma ya samaki. Muuza nyama alikuwa anakata mfupa kwa kuning'inia kwenye kisu. Na wateja wazoefu walikuwa wanapita wameinama, wasigonge vichwa kwenye matao. Bi Punguza alikuwa ameshaita fundi mara mbili kupandisha fremu ya mlango nyumbani kwake. Mumewe alikuwa anamfika kwenye kiwiko. "Sisi kwetu ni watu wa kimo," Bi Punguza alikuwa anasema, na mama yake mzazi alikuwa mfupi, mtaa mzima unajua.

Akanunua nyama, muuza nyama akashuka. Akanunua mchele, muuza mchele akashuka, ikabidi ashikiliwe asizame guniani. Halafu wakafika kwa muuza vitunguu.

Huyu muuza vitunguu walikuwa wanajuana na Bwana Kapu tangu zamani, wakati walipokuwa wanatazamana macho kwa macho.

"Bwana Kapu!" alisema kutoka juu ya kreti. "Leo umeruhusiwa kupumua?"

Bwana Kapu akacheka kwa pua.

"Mwache mume wangu," alisema Bi Punguza. "Vitunguu bei gani?"

Akataja bei. Bi Punguza akakiokota kimoja, akakitazama kama mtu aliyeokota kiatu cha maiti.

"Hivi? Vilivyochoka hivi? Nitakupa nusu."

"Mama, nisikilize," alisema muuza vitunguu. Hakuwa anaimba kama wanavyoimba wauzaji, alikuwa anasema polepole. "Unaiona hiyo ndoano? Msimamizi wa soko ameweka sheria, kila mtu atundike mizani yake kwa mkono wake. Kreti moja ruhusa, ya pili hapana. Leo nimeifikia kwa ncha za vidole. Ukinishusha tena, siifikii, na meza anapewa mwingine. Meza hii aliisimamia baba yangu. Nipe bei yangu leo tu, siku nyingine utanikaba utakavyo."

"Wote mnasema hivyo hivyo."

"Kweli, mama. Na wote tumekuwa wafupi."

Hapo Bwana Kapu akaingiza mkono mfukoni. Alikuwa na noti yake mwenyewe, ameifunga kwenye leso, aliipata kwa kushona viatu vya majirani. Aliiweka makusudi, siku moja amlipe rafiki yake bei nzima ili arudi juu kidogo. Wiki nyingi aliibeba noti hiyo. Wiki nyingi aliirudisha nyumbani. Akaigusa, akakohoa.

"Una nini?" aliuliza mkewe.

"Vumbi," alisema Bwana Kapu.

Akajitia hamnazo, akawa anahesabu matao.

Bi Punguza akageuka kama anaondoka. Unaijua hiyo, mguu unakwenda na sikio linabaki. Wateja walikuwa wachache, vitunguu vilikuwa vingi, na muuza vitunguu nyumbani alikuwa na watu wanaosubiri kula. "Rudi, mama," alisema. Akashuka bei, na yeye akashuka nayo. Bi Punguza akamkaza tena. Akashuka tena, kiganja juu ya kiganja. Ilipofika nusu aliyoitaka, kichwa cha mtu hakikuonekana tena juu ya kreti. Alikuwa ameshajivuta mezani, amesimama katikati ya bidhaa yake, yeye na kitunguu kikubwa wanalingana.

Bi Punguza akanyoosha shingo, akasikia blauzi inabana mabegani, akafurahi.

"Haya, na nyongeza?" alisema.

Hiyo nyongeza ndiyo ada ya soko lile. Ukishanunua lazima uongezewe kitu, hata kiwe kidogo, hata kama umemchuna mtu mpaka mfupa, na ikishaingia kapuni hairudi. Muuza vitunguu akageuka kutazama, lakini vitunguu vilivyobaki hakuweza tena kuvisukuma hata kimoja.

"Sina cha kuongeza, mama."

"Usinifanyie hivyo. Mbele ya watu?"

Majirani wa meza wakawa wanatazama. Hakuna aliyeshangaa. Muuza pilipili alimwambia mwenzake, "Leo mapema," akaendelea kupanga pilipili zake. Muuza vitunguu akajipangusa magamba ya vitunguu, akatembea mpaka ukingo wa meza.

"Haya mama, chukua," alisema, akaingia kwenye kapu.

"Umeona?" Bi Punguza alimwambia mumewe. "Ukiwabana, wanatoa."

Wakapitia duka lile la vioo, upande wa pili wa barabara. Humo bei imebandikwa, na kuna ubaridi, na mwenye duka hana haja hata ya kukuangalia. Bi Punguza akachukua sahani mpya kwa ajili ya wakwe. Akalipa kama ilivyoandikwa. Akasema asante mara mbili, na mwenye duka akagonga kichwa kwenye dari akipokea.

Njiani sauti ikatoka kapuni.

"Bwana Kapu, angalia nyuma. Nani kasimama mezani kwangu?"

Bwana Kapu akaangalia. Msimamizi alikuwa anapangusa meza kwa kitambaa, na kijana mrefu, mgeni, alikuwa ameshatundika mizani bila hata kreti.

"Sioni vizuri," alisema Bwana Kapu.

"Basi mpitie mke wangu umwambie asinisubiri kula."

"Nitampitia."

Hakumpitia. Bi Punguza alikuwa anaharakisha.

Vitunguu vikakaangwa, nyama ikaiva, wakwe wakaja. Nao walikuwa warefu, wameingia kwa kuinama. Muuza vitunguu alikuwa amewekwa mezani kando ya kidau cha chumvi, amekalia kizibo cha chupa. Mkwe wa kike alimwona, akauliza, "Nyongeza?" Bi Punguza akasema, "Nyongeza," na hapo ndipo wakaelewana, kuliko walivyoelewana juu ya watoto wenyewe. Chakula kikapoa wao wakiwa wamesimama, wanasimuliana bei.

"Vyote hivyo kwa nusu?" aliuliza mkwe.

"Nusu, na huyo juu."

"Mimi ningemshusha zaidi."

Muuza vitunguu akapungua tena pale pale, kwa maneno matupu, kizibo kikawa uwanja.

Bwana Kapu akafungua leso. Akaitandaza ile noti mbele ya rafiki yake. "Bei yako," alinong'ona. "Nzima."

"Nyongeza hailipwi," alisema mkewe bila kugeuka, na ni kweli, hailipwi. Muuza vitunguu aliitazama ile noti, kubwa kama zulia.

"Ungenipa kule," alisema.

Bwana Kapu akaikunja noti, akairudisha mfukoni. Akachukua punje moja ya wali kwa ncha ya kijiko, akamwekea.

Bi Punguza akaiona. Akainama kutoka kule juu, akaikata kwa ukucha.

"Nusu inamtosha," alisema. "Haya jamani, karibuni."

Viti vikavutwa, watu wote wakaketi, wakala.